Usitupe Majani ya Kitunguu Saumu

Mama mpendwa, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipong'oa kitunguu saumu bustanini, au ulipokinunua kikiwa kibichi na majani yake. Majani yale uliyafanya nini? Bila shaka uliyakata ukawatupia kuku, nao kuku wakayakataa. Sisi pia tulifanya hivyo kwa miaka mingi. Leo tunapenda kuwaeleza wenzetu jinsi tulivyojifunza kuyala, na jinsi kosa moja dogo la kuweka akiba lilivyotaka kutuletea msiba mezani.

Sisi ni akina mama watano, majirani wa hapa Mbinga. Wawili wetu ni wazaliwa wa milima hii ya Umatengo, na watatu tumeolewa huku tukitokea mwambao wa Ziwa Nyasa. Zamani mwambao huo na milima hii vilikuwa wilaya moja, hadi mwaka 2012 ilipoanzishwa Wilaya ya Nyasa, ambayo makao yake ni Mbamba Bay. Wilaya zimegawanyika lakini vyungu havikugawanyika. Dagaa hupanda kuja huku juu, na maharage na mahindi hushuka kwenda ziwani, tena siku hizi kwa barabara ya lami.

Kila mama analijua swali la saa kumi jioni: leo tule na nini? Unga upo, kuni zipo, lakini mboga hakuna. Umetoka shambani umechoka. Huku kwetu kazi ya ngoro si ndogo. Baba hufyeka majani, na mama ndiye huchimba mashimo na kuyafunika majani hayo kwa udongo, shimo baada ya shimo, mpaka mteremko mzima uonekane kama sega la nyuki. Mtu aliyeshinda na kazi hiyo hana nguvu ya kuanza mapishi ya saa mbili. Anahitaji kitoweo cha haraka, chenye nguvu, kisichomaliza mkaa. Hapo ndipo majani ya kitunguu saumu yanapokuja kutusaidia.

JINA LA KIGENI, KAZI YA NYUMBANI

Binti wa mmoja wetu alisomea upishi Dar es Salaam. Aliporudi likizo alitueleza juu ya kitoweo cha Waitalia kiitwacho pesto. Asili yake ni mji wa Genova, ulio kando ya bahari kaskazini mwa Italia. Huko hutwanga majani mabichi ya mrehani pamoja na kitunguu saumu, chumvi, mbegu za msonobari na jibini, kisha huongeza mafuta ya zeituni mpaka upatikane uji mzito wa kijani. Hawaupiki. Huuchanganya na tambi za moto, basi chakula kimekuwa tayari.

Tulicheka tulipoambiwa kwamba neno lenyewe linatokana na kitendo cha kutwanga. Kumbe Waitalia nao wana kinu na mchi! Chao huchongwa kwa jiwe la marumaru, chetu kwa gogo la mti, lakini kazi ni ile ile. Ni nani kati yetu hajatwanga jani na karanga tangu utotoni?

Binti alituambia pia kwamba katika nchi za baridi watu hutengeneza pesto ya aina nyingine kwa kutumia vikonyo vya ua la kitunguu saumu. Kikonyo ni lile bua jembamba lililojikunja kama mkia wa nguruwe, ambalo huchomoza katikati ya mmea kabla kichwa hakijakomaa. Wakulima hulikata ili nguvu ya mmea irudi chini na kichwa kinenepe. Kwa kuwa lazima likatwe, badala ya kulitupa hulila. Nchini China vikonyo hivyo huuzwa sokoni kama mboga nyingine yoyote.

KIKONYO HUKUKIONA? TUMIA JANI

Usishangae ikiwa hujawahi kukiona kikonyo hicho. Si kila aina ya kitunguu saumu hukitoa. Aina zinazokitoa kwa kawaida huhitaji kupitia majira ya baridi kali, na hapa kwetu hakuna baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo ukikipata kikonyo, kitumie kikiwa bado kichanga na laini. Usipokipata, jani changa lina harufu na ladha ile ile, ila ni pole zaidi kuliko punje yenyewe.

Kitunguu saumu, ambacho wenzetu wa Zanzibar hukiita thomu, hupenda ubaridi. Ndiyo maana hapa Tanzania hustawi sana katika nyanda za juu kama Mbulu, na huku milimani pia mama anaweza kupanda matuta machache karibu na nyumba mvua kubwa zinapoelekea kuisha. Chomeka punje moja moja, ncha ikitazama juu, na acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya mmea na mmea. Majani yakishakuwa mengi, chuma jani moja tu kwa kila mmea. Usiuvue mmea nguo zote, kwani majani ndiyo yanayolisha kichwa kilichoko chini.

Na mama wa mwambao afanyeje, huko ambako joto haliruhusu kichwa kunenepa vizuri? Naye asikate tamaa, kwa kuwa hatafuti kichwa bali jani. Zile punje zilizokwisha chipua jikoni, ambazo wengi huziona zimeharibika, azipande kwenye kopo lililotobolewa chini, aliweke mahali penye kivuli cha mchana, na anyunyize maji kidogo kidogo. Majani yakifika urefu wa shubiri moja, ayakate na kuacha vidole viwili juu ya udongo. Yatachipua tena, ingawa safari hii yatakuwa membamba.

MLIMA NA ZIWA KATIKA KINU KIMOJA

Mafuta ya zeituni, jibini na mbegu za msonobari hatuna, na wala hatukuona sababu ya kuvitafuta. Mahali pa mbegu za msonobari tuliweka karanga. Mahali pa mafuta ya zeituni tuliweka mafuta ya alizeti. Jibini ndilo lililotusumbua, kwa maana kazi yake ni kutia chumvi chumvi na kujenga mwili. Mmoja wetu wa mwambao akauliza, "Na dagaa je?" Tukajaribu, na tangu siku ile hatujarudi nyuma. Dagaa wakavu wa Nyasa, ambao jirani zetu wa Malawi huwaita usipa, wakikaangwa bila mafuta mpaka wakauke kabisa na kusagwa, huleta ladha ambayo jibini haliifikii. Hayo ni maoni yetu, lakini watoto wetu wote wanakubaliana nasi.

Mahitaji (watu sita):

Majani machanga ya kitunguu saumu, au vikonyo, yaliyokatwakatwa: vikombe 2
Karanga zilizokaangwa na kumenywa: nusu kikombe
Dagaa wakavu waliosagwa: vijiko 3 vya chakula
Mafuta ya alizeti: vijiko 4 vya chakula
Ndimu: 1
Chumvi: nusu kijiko cha chai

Namna ya kutengeneza:

1. Osha majani kwa maji safi na salama, jani moja moja, kwa maana hutaliwa bila kupikwa. Yakung'ute maji, kisha yakate vipande vifupi kwa kukingamisha kisu. Ukiyaacha marefu, nyuzi zake zitajizungusha kwenye mchi na kukuudhi.

2. Wapunguze dagaa vichwa, waoshe kuondoa mchanga, waanike kidogo, kisha wakaange katika kikaango kikavu kwa moto mdogo. Wakivunjika wenyewe ukiwashika, wako tayari. Wasage na kuwaweka kando.

3. Tumia kinu kidogo cha viungo. Kile kikubwa cha mahindi kitameza kila kitu na mchi utagonga mbao tupu. Anza na majani na chumvi. Chumvi husaidia kukata majani, hivyo usiiache mpaka mwisho.

4. Majani yakilainika, tia karanga na uendelee kutwanga. Ukipenda karanga ziwe chenga chenga, acha mapema.

5. Tia unga wa dagaa, kisha mafuta kijiko kimoja kimoja huku ukikoroga. Mwisho kamulia ndimu na uonje. Dagaa wengine wana chumvi ya kutosha, hivyo onja kabla hujaongeza.

Kazi yote, ukiacha kukaanga, ni ya robo saa. Kitoweo hiki ni kizuri kwa ugali wa muhogo au wa mahindi, viazi vya kuchemsha, ndizi, na wali mtupu. Kijiko kimoja katika bakuli la maharage ya moto huyabadilisha kabisa. Kwa watoto wadogo wasiopenda ukali, tumbukiza majani katika maji yanayochemka kwa dakika moja kabla ya kuyatwanga. Na kuhusu harufu ya mdomo, dawa yake ni moja tu: baba na mama wale wote wawili, hapo hakuna atakayelalamika.

CHUPA ILIYOKUWA CHINI YA KITANDA

Sasa tuje kwenye kosa letu. Tulipoona kitoweo kimependwa, tuliwaza kama mama yeyote mwenye busara anavyowaza: akiba haiozi. Mmoja wetu alikuwa akimngojea mama mkwe wake kutoka mwambao. Alitwanga mapema, akajaza chupa ya jamu, akaimiminia mafuta mpaka yafunike juu, akakaza kifuniko, na kuiweka chini ya kitanda mahali penye giza na ubaridi. Tulimsifu sana. Tulijua mafuta huzuia hewa, na chakula kisichoguswa na hewa hakiharibiki. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Mama mkwe alifika baada ya wiki tatu, akiwa na kikapu cha dagaa. Tukakusanyika kumwamkia. Ugali ukaivishwa, chupa ikafunguliwa. Rangi ilikuwa ya kijani bado, na harufu ilikuwa nzuri kabisa. Kwa bahati jirani yetu muuguzi alikuwa amepita kumsalimu mgeni. Akaitazama chupa ile.

"Mama, hii mmeitengeneza lini?"

"Yapata wiki tatu sasa, dada."

"Na ilikuwa kwenye jokofu?"

"Jokofu tutalipata wapi? Ilikuwa chini ya kitanda."

Hakusema mengi. Aliomba chupa, akakaza kifuniko, akatuomba kwa upole mtu yeyote asionje hata kwa ncha ya kidole. Mwenye nyumba aliona aibu mbele ya mkwe wake, na sisi tulikasirika kidogo kwa niaba yake. Baadaye muuguzi alipotueleza, hasira ilikwisha na miguu ikalegea. Kwenye meza ile walikuwa wameketi watoto saba.

KWA NINI CHUPA ILE ILIKUWA HATARI

Katika udongo wa kila mahali kuna vijidudu vidogo sana ambavyo mbegu zake hazifi kirahisi. Kitunguu saumu hukua ndani ya udongo, na kukiosha hakuziondoi zote. Penye hewa mbegu hizo hulala tu na hazitudhuru. Lakini zikifungiwa mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo uchachu wa kutosha wala baridi ya jokofu, huamka na kutengeneza sumu kali. Mafuta tuliyoyamimina ili kulinda chakula ndiyo yaliyowatengenezea vijidudu hao nyumba. Na ndimu moja tuliyokamulia ni ya ladha tu, haitoshi kuwazuia.

Ugonjwa unaoletwa na sumu hiyo huitwa botulizimu. Mgonjwa huona vitu viwili viwili, kope hulegea, ulimi huwa mzito, hushindwa kumeza, na udhaifu hushuka mwilini mpaka kifuani akashindwa kupumua. Dalili huanza mara nyingi baada ya saa 12 hadi 36, lakini zaweza kuchelewa siku kadhaa. Mtu mwenye dalili hizo asipewe dawa za nyumbani. Akimbizwe hospitali, na waganga waelezwe alichokula.

Jambo hili si hadithi. Mwaka 1985 huko Vancouver, Kanada, watu 36 waliugua baada ya kula katika mkahawa uliotumia kitunguu saumu kilichohifadhiwa katika mafuta na kuachwa nje ya jokofu. Mwaka 1989 watu watatu waliugua katika jimbo la New York, Marekani, kwa sababu ya namna hiyo hiyo. Baada ya hapo, serikali ya Marekani iliwataka watengenezaji waongeze tindikali katika bidhaa hizo. Ikiwa viwanda vyenye wataalamu viliteleza, sisi wa chini ya kitanda tungesalimika kwa lipi?

Na ubaya mkubwa zaidi ni huu: chakula hicho chaweza kuwa na sumu bila kunuka, bila kuchacha, bila kubadilika rangi. Mama aliyezoea kunusa na kuonja ili ajue kama chakula kimeharibika hana msaada hapa. Akiba haiozi, wahenga walisema, lakini hii huoza kimya kimya.

WEKA KIKAVU, TWANGA KIBICHI

Mama mkwe aliyasikiliza hayo yote akiwa ameshika tama. Kisha akauliza, "Wanangu, kitu cha kutwangwa robo saa mnakiwekea akiba ya nini?" Akaomba kinu. Majani yalikuwepo bustanini, karanga zilikuwepo, na dagaa aliwaleta mwenyewe. Ugali haujapoa sana, kitoweo kipya kikawa mezani. Chupa ya jamu pamoja na vilivyokuwamo tulivitupa katika shimo la choo, mahali ambapo mtoto wala kuku hafiki.

Tangu siku hiyo tunafuata kanuni yake. Kilichotwangwa huliwa siku ile ile. Kikibaki, hakilali nje. Mwenye jokofu na akiweke humo mara moja, na kisizidi siku nne. Akiweza kukigandisha, kitakaa miezi. Asiye na jokofu atwange kidogo, kwa kipimo cha mlo mmoja.

Akiba tunaiweka kwa njia ambayo bibi zetu wa mlimani na wa ziwani waliijua zamani, yaani kukausha. Majani tunayakata vidogo, tunayatandaza kwenye ungo kivulini penye upepo mpaka yavunjike kama majani ya chai, kisha tunayafungia katika kopo kavu. Karanga zinakaa peke yake, na dagaa peke yao. Siku ya kuhitaji, tunayalowesha majani katika maji ya uvuguvugu kidogo, tunaongeza punje moja ya kitunguu saumu kwa kuwa majani makavu hupungua nguvu, halafu tunatwanga.

TAHADHARI MBILI ZA MWISHO

Kwanza, chagua karanga kwa uangalifu. Tupa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizobadilika rangi au zilizo chungu. Karanga na mahindi yaliyohifadhiwa vibaya hupata sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi yote. Mwaka 2016 wenzetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipoteza ndugu kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Punje moja mbaya ikishatwangwa na nyingine, hutaiona tena.

Pili, na hili twasema hasa kwa mwambao kwenye mihogo mingi: usije ukafikiri kwamba kila jani la kutwangwa laweza kuliwa bichi. Kisamvu tunakitwanga kwa kitunguu saumu na karanga vile vile, na kwa macho hufanana na kitoweo hiki. Lakini jani la muhogo likiwa bichi lina sumu. Ni lazima litwangwe vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu, sufuria ikiwa wazi, ndipo liwe chakula. Wafundisheni hivyo pia mabinti wanaowasaidia jikoni.

Mama mkwe alikaa nasi wiki mbili. Alipoondoka hakuchukua chupa wala chombo chochote cha kitoweo. Alichukua punje kumi zilizochipua, amezifunga katika ncha ya kanga yake, za kupanda kwenye kopo huko ziwani. Juzi ametuma salamu pamoja na dagaa. Anasema majani yamefika shubiri moja, na wajukuu wameanza kumuuliza kila saa kumi jioni kama atatwanga.